Muulize Mzee wa Mizinga: Kombora la bilioni kumi kwa droni ya milioni mia

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: droni, makombora na pesa za kuyanunua. Nimechagua sita. Kwa msomaji anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, mimi ni mpiga mizinga ya kutungua ndege, mstaafu wa JWTZ. Niliingia jeshini mwaka 1977, vita vya Kagera vikanikuta ndevu bado hazijaota vizuri, nikastaafu nikiwa sajinitaji. Sasa naishi Kitunda. Mambo ya ndani ya kambi siandiki, na msiniulize. Naandika yaliyo hadharani pamoja na yale niliyoyashika kwa mikono yangu. Bei nimezigeuza kwa shilingi 2,500 kwa dola moja ili tusipotezane.

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha historia sekondari hapa Temeke. Niliwaambia wanafunzi wa kidato cha sita kwamba tangu Vita Baridi viishe mataifa makubwa yamepunguza majeshi na bajeti zake. Mmoja akanionyesha kwenye simu kwamba dunia haijawahi kutumia pesa nyingi kwa majeshi kama sasa. Nani yuko sahihi? — Mwalimu, Temeke

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mtoto yuko sahihi kwenye jumla ya pesa, wewe uko sahihi kwenye kinachoonekana uwanjani. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, inayofuatilia hesabu hizi, ilikadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi. Kilikuwa kiasi kikubwa kuliko mwaka wowote iliokuwa imeupima hadi wakati huo. Lakini nenda kahesabu vifaa. Ujerumani Magharibi ilinunua vifaru vya Leopard 2 zaidi ya 2,000 wakati wa Vita Baridi. Leo Ujerumani nzima, pamoja na ile ya Mashariki, inavyo 300 hivi. Jeshi la nchi kavu la Uingereza lilikuwa na askari wapatao 150,000 mwaka 1990, sasa hawafiki 75,000. Bajeti zilikatwa kweli, adui alikuwa ametoweka na wananchi wakataka pesa ziende hospitali na shule. Zilipoanza kurudi zilikuta bei imepaa.

Hapo kwenye bei ndipo ningependa darasa lako likae muda mrefu. Marekani ilipanga kutengeneza ndege 750 za kivita aina ya F-22. Zikaingia kazini 187. Ilipanga ndege za mabomu za B-2, zile kubwa nyeusi zisizoonekana vizuri kwenye rada, 132, zikatengenezwa 21. Utaratibu ni huu: gharama ya utafiti haipungui hata ukiagiza ndege chache, kwa hiyo kila unapopunguza idadi, kila ndege inabeba mzigo mkubwa zaidi. Bei ikipanda Bunge linashtuka, linapunguza tena, bei inapanda tena. Ukiingiza utafiti wote, kila B-2 iliishia kwenye dola bilioni 2 hivi.

Mfano ninaowapa vijana mara nyingi ni wa manowari za Zumwalt. Zilipangwa 32, zikajengwa 3. Mizinga yake ilibuniwa ipige risasi maalumu inayojiongoza yenyewe hadi kwenye shabaha. Meli zilipopungua, risasi za kununua nazo zikapungua, na bei ya risasi moja ikafika karibu dola 800,000. Shilingi bilioni 2 kwa risasi moja ya mzinga! Mwaka 2016 jeshi la maji likaacha kuzinunua, meli mpya kabisa zikabaki na mizinga isiyo na cha kupiga. Mimi niliyebeba masanduku ya risasi mgongoni nasikitika nikiisoma habari hii, kwa sababu mzinga usio na risasi ni chuma tu kinachotakiwa kupakwa rangi.

Mhandisi Mmarekani Norman Augustine, aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya silaha, alichora mstari wa bei hizi miaka mingi iliyopita akaonya kwamba ikiendelea hivyo, mwaka 2054 bajeti yote ya ulinzi ya Marekani itatosha ndege moja. Jeshi la anga litairusha siku tatu na nusu kwa wiki, jeshi la maji siku tatu na nusu. Wape wanafunzi wachore mistari miwili kwenye karatasi moja, wa pesa na wa idadi ya ndege, toka 1960 hadi leo. Wataona wenyewe inavyopishana.

SWALI: Shikamoo babu. Nasoma uhandisi wa umeme Mlimani. Droni ya bei rahisi inatunguliwa kwa kombora la Patriot. Kwa hesabu za kawaida hili haliwezi kudumu. Nyinyi wa zamani mlifanyaje, na kuna njia ya kiufundi iliyo nafuu? — Mwanafunzi, Mlimani

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Umegusa kazi niliyoifanya maisha yangu yote, nivumilie nikirefusha.

Kwanza kijue kitu chenyewe. Shahed-136 ilibuniwa Iran, na Urusi sasa inaitengeneza yenyewe kwa jina la Geran-2. Toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita mbili na nusu. Inabeba baruti kilo 50 hivi, ina injini ndogo ya petroli inayounguruma kama pikipiki, na mwendo wake ni kilomita 180 hivi kwa saa. Ndege za kivita za miaka ya 1940 zingeipita kama imesimama. Makadirio ya bei ni kati ya dola 20,000 na 50,000, yaani shilingi milioni 50 hadi 125. Kombora jipya la Patriot, PAC-3 MSE, ni dola milioni 4 hivi: bilioni 10 za kwetu. Lakini bei hainitishi kama idadi. Mwaka 2024 mzima Marekani ilitengeneza makombora hayo 500 hivi. Usiku wa kuamkia Septemba 7, 2025, Ukraine ilihesabu droni zaidi ya 800 zilizorushwa dhidi yake, usiku huo mmoja. Hata ukiwa na pesa, makombora ya kutosha hayapo.

Ndiyo maana Waukraine huyatunza ya Patriot kwa ajili ya makombora ya balistiki, yale yanayopaa juu sana kisha kushuka kwa kasi kubwa, ambayo karibu hayana kizuizi kingine. Na hapa niseme kitu ambacho waandishi wengi wanakiruka. Kulinganisha bei ya kombora na bei ya droni peke yake ni hesabu pungufu. Katika Bahari ya Shamu, tangu mwishoni mwa 2023, manowari za Marekani zilitungua droni za Wahouthi, waasi wa Yemen, kwa makombora ya dola milioni 2 hivi kila moja. Nahodha aliyetoa amri hiyo alikuwa na mabaharia wapatao 300 na meli ya dola bilioni 2. Ningekuwa mimi ningepiga palepale. Balaa linaanza kesho yake, ghala limepungua na adui bado anazo nyingine.

Sasa sisi wa zamani. Tulikuwa na ZPU-4: mitutu minne ya milimita 14.5 juu ya gari la kukokotwa, watu watano, na macho. Kila mtutu unatema risasi 600 hivi kwa dakika, na ndege ikipanda juu ya mita 1,400 huipati tena. Rada hakuna. Ukiiona ndege huilengi yenyewe, unalenga mahali itakapokuwa risasi zikifika, kwa kukisia mbio zake na umbali kupitia duara za chuma za kwenye kilengeo. Mafunzo yalianza na sikio. Mkufunzi alitukalisha tumeupa mgongo uwanja wa ndege, tutaje ni ndege ya aina gani, inatoka upande upi, inakuja au inaondoka. Aliyekosea alirudia mpaka apate.

Baadaye dunia nzima ikasema mizinga ya namna hii imepitwa na wakati, makombora yatafanya kazi yote. Ujerumani ilikuwa na Gepard, gari la deraya lenye mizinga miwili ya milimita 35 na rada zake juu, la miaka ya 1970. Mwaka 2010 ikaanza kuyaondoa kazini ili kubana matumizi. Mwaka 2022 ikayafungua yaliyobaki maghalani na viwandani, ikapeleka zaidi ya 50 Ukraine, na yakawa miongoni mwa silaha bora kabisa dhidi ya Shahed. Risasi chache za mzinga, droni chini. Kikwazo kikawa risasi zenyewe: zilikuwa zimetengenezwa Uswisi, na Uswisi kwa sera yake ya kutoegemea upande ikakataa zipelekwe vitani. Kampuni ya Rheinmetall ikabidi ianze kuzitengeneza upya nchini Ujerumani. Unaona hasara ya kukata bajeti ilipo? Gari la zamani unaweza kulipaka mafuta likawaka. Kiwanda ulichokifunga na mafundi waliostaafu huwapati kwa miezi miwili.

Kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Ukraine imesimamisha nguzo karibu 10,000 nchi nzima, kila moja ina maikrofoni na kifaa mithili ya simu ya mkononi, thamani yake dola mia chache tu. Zinasikiliza. Mlio wa injini ya Shahed ukipita, kompyuta inajua ni nguzo zipi zimeusikia na kwa mpangilio gani, inachora njia yake, na vijana waliokaa na bunduki nzito nyuma ya pikapu wanaiona kwenye kioo kabla haijafika. Majenerali wa Marekani wamekwenda kuusomea mfumo huu. Ni sikio lile lile tulilofundishwa, limezidishwa mara elfu kumi.

Juu ya hilo, tangu 2025 wanatumia sana droni ndogo za kutungulia droni, za dola elfu chache, zenye mbio za kuifikia Shahed na kuigonga. Kuna pia mionzi ya leza. Waingereza walipoijaribu DragonFire yao walisema mpigo mmoja hauzidi pauni 10, kama shilingi 33,000. Ila mawingu, ukungu na vumbi vinaidhoofisha, na inashughulikia shabaha moja kwa wakati. Ningekuwa na umri wako na masomo yako ningeshika upande wa maikrofoni na programu za kutofautisha milio. Hapo mtu mwenye akili na pesa kidogo ana nafasi.

SWALI: Mzee, habari za kazi. Napiga picha za harusi kwa droni, niko Sinza. Watu wananitania kwamba nina silaha. Kweli kidude kama changu kinapigana vita? — Mpiga picha, Sinza

JIBU: Nzuri, kijana wangu. Kinapigana, tena cha aina hiyo hiyo. Mavic za kampuni ya DJI zimetumiwa na pande zote mbili Ukraine tangu mwanzo, mpaka kampuni yenyewe ikasimamisha mauzo yake katika nchi zote mbili Aprili 2022. Haikusaidia, ziliendelea kuingia kupitia nchi za tatu.

Kazi yake kubwa ni kuona. Zamani mpiga mizinga wa nchi kavu alimtegemea mtu aliyejificha kilimani na darubini na redio. Leo askari aliye kwenye handaki anaona kwenye kioo chake risasi ilipoangukia, anasema "kulia mita thelathini", na risasi ya pili au ya tatu inafika. Kwa hiyo hata mzinga wa zamani umepata thamani mpya kwa msaada wa kamera ya harusi.

Kisha kuna zile za kujilipua, ambazo rubani wake amevaa miwani ya video na kuona kama amepanda juu yake. Hizo ni dola 400 au 500, shilingi milioni moja na kitu, chini ya bei ya bodaboda mpya. Zinaharibu kifaru cha dola mamilioni. Lakini usidhani kila moja inafika. Nyingi zinapotea, kwa sababu droni na rimoti vinaongea kwa mawimbi ya redio, na anayeyajaza mawimbi hayo kelele anakata mazungumzo hayo. Wewe mwenyewe umeshaona picha yako ikigandaganda ukumbi ukiwa na watu wengi wenye simu. Huko ni hivyo hivyo, ila makusudi na kwa nguvu kubwa.

Jibu lililotokea kuanzia 2024 ni waya. Droni inabeba bobini ya nyuzi za kioo, zile zile za intaneti, nyembamba kama uzi wa nailoni wa kuvulia, na inaufungua uzi huo nyuma yake inaporuka, kilomita 10, hata 20. Mawimbi hakuna, kwa hiyo hakuna cha kuvuruga. Mashamba ya huko sasa yamefunikwa nyuzi. Jua likichomoza zinametameta kama utando. Na kinga iliyopatikana ni ya mikono kabisa: barabara zimefunikwa nyavu juu na pembeni, kilomita kwa kilomita. Wavuvi wa Ufaransa wametuma nyavu zao kuukuu. Nikipita Feri nikaona nyavu zimeanikwa, najua mahali ambapo dereva wa gari la wagonjwa angezipokea kwa mikono miwili.

Na nikupe moja la kukuonyesha ukubwa wa jambo hili. Juni 1, 2025, Ukraine ilizirusha droni ndogo 117 kutoka kwenye malori yaliyokuwa yameegeshwa ndani kabisa ya Urusi, yamebeba vibanda vya mbao ambavyo paa zake zilifunguka. Madereva hawakujua walichobeba. Zilichoma ndege kubwa za mabomu kwenye viwanja vilivyo maelfu ya kilomita kutoka mpakani. Ukraine ilitangaza ndege 41. Picha za setilaiti zilionyesha chache kuliko hizo. Hata hizo chache zinauma, maana Tu-95, mojawapo ya ndege hizo za mabomu, hazitengenezwi tena tangu miaka ya 1990.

Kwa hiyo usikasirike mlinzi akikuuliza. Usirushe bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na usisogelee kambi wala uwanja wa ndege hata kama bwana harusi anataka picha ya machweo.

SWALI: Baba yangu, mwanangu kamaliza JKT na anataka jeshi. Vijana wenzake wanamwambia asijisumbue, jeshi la kesho ni la roboti. Mimi mama yake nikisikia hivyo roho inatulia, maana roboti wakipigana yeye hatakufa. Ni kweli? — Mama, Buguruni

JIBU: Mama, sitakudanganya. Si kweli.

Droni moja angani ina watu chini. Kuna anayeirusha, anayeangalia ramani, anayefunga kilipuzi, anayechaji betri, anayetengeneza zilizovunjika, anayewapelekea chakula. Na mstari wa mbele Ukraine bado kuna askari wa miguu kwenye mahandaki, na tope. Kilichobadilika ni kwamba mahali pa kupumzikia pameondoka. Zamani ukirudi nyuma kilomita 10 ulivua kofia, ukaoga, ukaandika barua nyumbani. Sasa huko nyuma ndiko malori na magari ya wagonjwa yanakowindwa.

Ila silaha bila mtu aliyefundishwa ni kazi bure, na hilo nimeliona kwa macho. Mwishoni mwa Machi 1979 kikosi chetu kilikuwa Mwanza. Gaddafi wa Libya alikuwa anamsaidia Amin, akatuma ndege aina ya Tu-22, ndege kubwa ya mabomu ya Kirusi yenye mbio kuliko sauti. Siku ile ilikuwa ndege ya bei kubwa kuliko chochote tulichokuwa nacho sisi. Iliukosa mji mzima. Mabomu yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Wiki mbili baadaye, Aprili 11, vijana wetu waliokwenda kwa miguu wakaingia Kampala.

Mwanao akitaka kweli, mwambie wakati anasubiri nafasi ajifunze umeme na elektroniki. VETA Chang'ombe ipo hapo jirani na nyumbani. Fundi wa betri na redio anahitajika jeshini, na asipoitwa jeshini anahitajika mtaani.

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara Kariakoo, naagiza vifaa China. Naona sasa silaha zimekuwa nafuu. Je, hii si neema kwetu sisi nchi maskini? Wakubwa hawatatutisha tena. — Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nakuelewa, na kuna ukweli ndani yake, tena wa siku nyingi. Januari 1987, kule Fada, Wachad waliokuwa juu ya Land Cruiser na makombora ya Milan ya Kifaransa waliharibu vifaru vya Libya zaidi ya 90 kwa siku moja. Mwaka 2020, Azerbaijan ilichukua ndege za kilimo za An-2, ndege zilizobuniwa miaka ya 1940, ikazirusha bila rubani mbele ya ulinzi wa Armenia. Rada zilipowashwa kuzipiga, droni za Kituruki na za Kiisraeli zilizokuwa zinasubiri zikaona rada zilipo. Vita viliisha kwa siku 44.

Lakini angalia nani anapigwa. Januari 2022 shambulio la droni liliangukia kambi ya watu waliokimbia vita Dedebit, Tigray, wakafa zaidi ya 50, watu waliokuwa wameshapoteza kila kitu. Mei 2025 droni zilifika Port Sudan, mji ambao mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kwa sababu ulikuwa mbali na mapigano. Zikachoma matangi ya mafuta na kupiga uwanja wa ndege uliokuwa unapokea misaada. Zamani kundi la waasi lilihitaji kuwa na jeshi la anga, marubani na karakana ili kufanya hivyo. Sasa linahitaji mfadhili na kontena.

Vita vilipokuwa ghali, gharama yenyewe iliwazuia wengine. Sisi tulimshinda Amin na nchi ikafunga mkanda miaka mingi. Kila mtu wa umri wangu anakumbuka foleni za sukari na sabuni. Mwalimu Nyerere aliijua gharama hiyo kabla hajatoa amri, na akaitoa kwa sababu ardhi yetu ilikuwa imekaliwa. Naogopa kiongozi ambaye hatahitaji kuifikiria hesabu hiyo kwa sababu anaweza kuanza vita kwa bei ya magari ya msafara wake.

Na kuona mbali peke yake hakutoshi. Umoja wa Mataifa ulianza kutumia droni za upelelezi Goma, mashariki mwa Kongo, Desemba 2013. Desemba 7, 2017 kambi ya vijana wetu wa kulinda amani huko huko Kongo, Semuliki, ilishambuliwa, wakafa wasiopungua 14. Walichohitaji usiku ule ni msaada wa kufika haraka: helikopta, barabara, damu ya kuongezewa. Hivyo havijashuka bei.

Ukiniuliza pesa kidogo ziwekwe wapi, nitasema kwa mafundi wa nyumbani. Tuna kiwanda cha magari cha Nyumbu kule Kibaha, tuna kiwanda cha risasi cha Mzinga kule Morogoro, wazee wetu waliona mbali. Mwenye basi moja la kifahari lililoagizwa, likiharibika kipuri kimoja, siku zote anakaa gereji akisubiri meli. Anayejua kuchonga kipuri yuko barabarani jioni hiyo hiyo.

SWALI: Mzee, mimi ni mkazi wa Mbagala. Mabomu ya 2009 yalipolipuka nilikuwa na mtoto mchanga. Kwa nini majeshi hutunza mabomu mpaka yanazeeka? Si bora kuyatumia au kuyatupa? — Mama wa watoto watatu, Mbagala

JIBU: Pole sana, mama. Aprili 29, 2009 Mbagala, Februari 16, 2011 Gongo la Mboto. Hakuna mkazi wa upande wetu wa jiji aliyesahau tarehe hizo wala watoto waliopotezana na wazazi wao usiku ule wa Februari.

Sababu ya kuyatunza ni hii. Risasi haziwezi kununuliwa siku vita vinapoanza. Ulaya imelijua hilo kwa uchungu. Kwa miaka 30 ilipunguza maghala ili kuokoa pesa. Vita vya Ukraine vilipokuja, Umoja wa Ulaya ukaahidi risasi za mizinga milioni moja kufikia Machi 2024, ukatimiza kama nusu. Risasi moja ya milimita 155 iliyokuwa euro 2,000 ikapanda hadi 8,000, kwa maelezo ya Admirali Rob Bauer wa NATO mwaka 2023. Kwa hiyo kila jeshi linataka akiba.

Lakini baruti ina umri. Baruti ya kusukumia risasi hutengenezwa kwa nitroselulosi, ambayo huoza yenyewe polepole, na ikioza hutoa joto na gesi zinazoiozesha zaidi. Kiwandani huchanganywa na dawa ya kuzinyonya gesi hizo. Dawa ikiisha, joto linajikusanya ndani ya sanduku mpaka siku moja linawaka lenyewe. Joto la ghala ndilo linaloamua dawa itadumu miaka mingapi, na joto la pwani mnalijua. Kinga yake inafahamika: kuchukua sampuli kila baada ya muda na kuzipima maabara, kuyapanga maghala mbali mbali ili moja likiwaka mengine yabaki, na kuyateketeza yaliyozeeka. Kuyateketeza kunahitaji mafundi, uwanja mpana, na pesa. Pesa hizo hazina gwaride, hazionekani kwenye maonyesho, na nchi nyingi duniani zikibana bajeti huanzia hapo. Mimi ningeanza kukata kwingine kokote kabla ya hapo.

Na kwa kuwa una watoto: wakileta nyumbani chuma wasichokijua, cha duara au chenye mapezi, hata kama kimeshika kutu, wasikigonge, wasikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kiacheni mahali kilipo, wekeni alama ya kuonekana kwa mbali, watu wakae mbali, na mpigie mwenyekiti wa serikali ya mtaa au polisi saa hiyo hiyo. Wataalamu watakuja kukichukua.